Namba ya Upole

Shangazi yangu hajawahi kuingia mlangoni akiwa wa kwanza. Mkifika naye kwenye mlango wowote, hata wa choo, atasimama pembeni, atanyoosha mkono na kusema, "Piteni, piteni, mimi sina haraka." Na wewe ukimpisha, mtabaki pale kama miimo ya mlango mpaka mtu wa tatu aje awapite katikati. Mimi nina hasira za karibu, kwa hiyo nilishajua dawa yake. Namshika mabega namsukuma ndani, naye huku anacheka anawaomba radhi watu ambao hawajakosewa chochote.

Ni dada yake baba, tena mkubwa. Baba husema kumtangulia yeye kuzaliwa ndiyo mara pekee Shangazi alipomtangulia mtu, na Babu huongeza kwamba hata siku hiyo alichelewa, mkunga akaenda zake akala, akarudi akamkuta bado anajifikiria.

Kazi yake ni fundi wa kompyuta katika redio ndogo iliyo juu ya duka la magodoro. Ili ufike studio unapanda ngazi nyembamba yenye magodoro yaliyoegemezwa kila upande, na siku mwenye duka akipata mzigo mpya, watangazaji hupita kwa ubavu, mgongo ukikwaruza nailoni. Juu kuna chumba kidogo cha kutangazia na chumba kikubwa cha kurekodia ambacho kuta zake zimepigwa vipande vya sponji kutoka huko huko dukani, vya kijani, vya bluu na kimoja cha waridi chenye alama ya kiatu ambayo hakuna aliyewahi kuieleza. Kwenye kona ya chumba kikubwa kuna mashine moja inayofanya kila kitu. Inapiga muziki, inarekodi wanaopiga simu, inatunza habari, inarusha matangazo kwenye mtandao. Shangazi huifuta vumbi kila asubuhi kwa kitambaa laini, akiongea nayo kwa sauti ya chini kama mtu anayemwamsha mtoto.

Siku moja nilimpelekea chakula nikamkuta ameikodolea macho.

"Watu wanadhani hii inafanya mambo mengi kwa wakati mmoja," akaniambia. "Inatudanganya. Ina mikono michache tu. Inashika kazi hii kidogo, inaiweka chini, inashika ile. Inafanya upesi mno, ndiyo maana huoni."

"Na nani anaamua ishike ipi kwanza?"

"Ndani ya mfumo kuna mpangaji. Yeye anaangalia kipaumbele. Kila kazi ina namba yake, na waliounda mfumo huu waliiita namba ya upole."

Nilicheka, nikadhani ananitania. Hakuwa ananitania. Akanieleza kwamba namba ikiwa kubwa, kazi inakuwa pole, inawapisha wenzake. Namba ikishuka chini ya sifuri, upole umekwisha, kazi inapita mbele za watu bila hodi. Sauti inayokwenda hewani haiwezi kungoja hata kidogo, ikingoja msikilizaji anasikia mkwaruzo, kwa hiyo aliinyima upole kabisa. Kunakili rekodi za zamani kunaweza kungoja mpaka wengine wapumzike, kwa hiyo kazi hiyo aliipa upole wote. Tena programu moja yenyewe ina nyuzi kadhaa ndani yake, uzi huu unabeba sauti, ule unachora picha, na fundi anayejua anaweza kuupandisha uzi mmoja akauacha mwingine.

"Kila mwamba ngozi huvutia kwake," akasema. "Ukiziacha zivutane hivi hivi, hakuna ngoma itakayowambwa."

"Na kazi yenyewe ikitaka kujibadilishia namba?"

"Hapo ndipo penye utamu." Macho yake yaling'aa. "Mtumiaji wa kawaida anaweza kujiongezea upole tu. Kujipunguzia hawezi. Mpaka aingie mkuu wa mfumo na neno lake la siri."

"Na wewe, Shangazi, namba yako ni ngapi?"

"Kumi na tisa," akajibu bila kufikiri. "Haizidi hapo." Akafunua chakula, akanikatia mimi nusu kubwa.

Upole huo ndio uliompatia mchumba, lazima niseme kweli. Karibu na redio pana duka la mikate, na kila jioni Shangazi alikuwa akipanga foleni pale. Kupanga ni neno la heshima tu. Alikuwa akisimama, mama mwenye mtoto akija anampisha, mzee akija anampisha, mwanafunzi akija na uso wa njaa anampisha, mpaka mkate unamwishia mbele ya pua. Mwokaji, mwanamume mpana asiye na maneno mengi, alimtazama hivyo kwa muda mrefu. Halafu akaanza kumfichia mkate mmoja chini ya meza. Siku ya kwanza alipompa, Shangazi alimwambia ampe yule bibi aliyekuwa nyuma. Tangu siku hiyo mwokaji akawa anaficha miwili.

Baadaye akamletea kompyuta yake ya dukani, ile inayochapa vibandiko vya mifuko, imegoma. Shangazi aliifungua akapuliza, na unga wote uliokuwa ndani ukamrudi usoni. Mwokaji alicheka mpaka akashika ukuta. Huyu ni mtu ambaye wateja wake walikuwa wakibishana kama ana meno. Wote wawili walikuwa wamefika umri ambao ndugu hawakuulizi tena utaoa lini au utaolewa lini, wanakuuliza presha ikoje. Lakini haukupita muda akamwambia, "Fundi, nimechoka kukufichia mkate. Njoo ukae upande huu wa meza."

Shangazi alikubali. Akakubali, halafu akaanza kupisha.

Harusi ya kwanza iliahirishwa kwa sababu mke wa mtangazaji mmoja alijifungua na ilibidi mtu ashike zamu redioni. Ya pili iliahirishwa kwa sababu mimi nilikuwa na mitihani, kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa naolewa! Kila mara mwokaji alisema, "Sawa." Lakini baada ya ile ya pili nilipita dukani kwake nikamkuta anakanda unga kama anapigana nao, nikanunua mkate wangu nikaondoka bila kumsalimia vizuri.

Babu ndiye aliyekuwa na hasira kuliko wote. Maisha yake yote Babu alikuwa refa wa mpira, na kustaafu hakujamsaidia kitu. Bado anaingilia ugomvi wa majirani na kutoa uamuzi, na hakuna rufaa.

"Subira huvuta heri, baba," Shangazi alimwambia.

"Ngoja ngoja huumiza matumbo," Babu akamjibu. "Huyo mwokaji wa watu atakuozea mikononi."

Kisha Babu mwenyewe akaharibu mambo. Tarehe ya tatu ilipokaribia, aliwakuta watoto wa mtaani wanapiga penalti vibaya, akavua viatu awaonyeshe. Mama yangu alimkataza kutoka dirishani, akapuuza. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wanasema, sasa sijui wanasemaje mkuu mwenyewe akilivunja. Kilichovunjika ni nyonga. Daktari akamlaza kitandani nyumbani, asiinuke, asikalishwe, asipandishwe gari.

Shangazi akaja na lile neno lake. "Basi tuahirishe mpaka baba apone."

Babu alikataa katakata. Akasema ataangalia kwenye simu kama anavyoangalia mechi. Walivutana siku nzima mpaka Shangazi akatoa sharti lake. Ataolewa tarehe hiyo hiyo, lakini Babu awe anaona na kusikia yote pale pale, na yeye amsikie kwa masikio yake akisema ameridhia. Bila hivyo haolewi. Ikabidi harusi ihamie chumba kikubwa cha redio, penye mtandao wa uhakika na ile mashine yake.

Nilipompelekea mwokaji habari hizo, alisema, "Sawa." Kisha akaniambia, akiwa anafuta meza iliyokuwa safi tayari, "Nampenda shangazi yako. Lakini nikiambiwa tena kuahirisha, nitajua hanitaki, ila anaona haya kusema."

Moyo ulinipasuka. Nilitaka kumwambia si hivyo. Lakini ungekuwa wewe ungemwambia nini mtu aliyekwisha kungoja hivyo?

Siku ikafika. Wageni wakapanda ngazi kati ya magodoro, shangazi wa bwana harusi akakwama kwenye kona na kofia yake, akavutwa na vijana huku anacheka. Mwokaji alikuwa amevaa suti iliyombana mabega na alikuwa ameoka keki mwenyewe, ndefu kiasi kwamba tuliiinamisha kuipitisha mlangoni. Shangazi alivaa gauni la rangi ya maziwa. Alikuwa mzuri, jamani. Nilimwona nikashindwa hata kumtania.

Kwenye kioo kikubwa ukutani alionekana Babu, amelala juu ya mito, amenyolewa, amevaa shati jeupe na filimbi yake ya urefa shingoni. Mama yangu, wifi yake Shangazi, alikuwa amekaa naye akimshikia simu.

"Wifi!" Mama akaita kutoka huko. "Leo ukimpisha mtu, mimi na wewe tumekosana!"

Watu wakacheka. Shangazi akaangalia chini.

Mashine aliiacha mikononi mwa mtangazaji tunayemwita Kasuku, kijana mwema ambaye kosa lake ni kutaka kumfurahisha kila mtu. Jana yake Shangazi alikuwa amepanga namba zote. Sauti ya Babu mbele, picha yake nyuma ya sauti, muziki wa redio baada ya hapo, kurekodi harusi mwisho kabisa. Akamwachia Kasuku neno la siri kwa dharura tu, akamwambia, "Usiguse kitu, mdogo wangu. Zimekaa vizuri."

Kasuku alikaa bila kugusa kitu mpaka bwana ofisa wa ndoa alipofungua kitabu. Hapo picha ya harusi iliyokuwa ikirekodiwa ikakatika kidogo, kama ilivyotakiwa, maana ilikuwa inapisha. Yeye akaona aibu. Akajiambia, kama alivyotueleza baadaye kwa machozi, kwamba harusi ya dada haiwezi kuwa na kitu cha mwisho. Leo kila kitu ni cha kwanza. Akaingia na neno la siri, akazichukua kazi zote, sauti, picha, muziki, kurekodi, akazipandisha moja baada ya nyingine mpaka ngazi ya wakati halisi. Hiyo iko juu ya namba zote za upole. Huko juu kazi ikishashika mkono wa mashine haiachii mpaka itake yenyewe, au ije iliyo juu yake zaidi.

Mafahali wawili hawakai zizi moja, na Kasuku alikuwa amefungia humo kundi zima.

"Mwanangu," Babu alikuwa ameanza kusema, "leo mimi..." Sauti ikakatika. Picha ikaganda, mdomo wazi, jicho moja limefumba. Muziki ukakwaruza ukanyamaza. Kasuku akashika kipanya akakisukuma huku na huku, na kishale kwenye kioo kikasogea kwa mwendo wa kinyonga. Akabonyeza kila kitu. Jasho lilimtiririka mpaka kwenye tai.

Ofisa alitazama saa. Alikuwa na ndoa nyingine, na ili asipoteze muda alikuwa amewaambia maharusi wale wamfuate hapo hapo. Walikuwa wamekwishafika, wamesimama kwenye ngazi katikati ya magodoro, bibi harusi ameinua gauni lisiguse vumbi.

"Tufanyeje?" ofisa akauliza. "Mnaendelea, au mnaahirisha?"

Neno hilo! Nilimtazama mwokaji. Alikuwa ameshika kile kiboksi cha pete, hakumtazama mtu, na shingo yake ilikuwa imewiva.

Shangazi akainua gauni akaenda kwenye mashine. Kasuku aliruka kutoka kwenye kiti akaanza kuomba msamaha, naye akampapasa bega. "Hujafanya vibaya, umewapenda wote sawa tu." Akakaa. Kila asubuhi, kabla ya kitu kingine, Shangazi hufungua dirisha moja dogo jeusi na kuliweka juu ya kazi zote, juu hata ya zile za wakati halisi, halafu halitumii. Halifanyi chochote, linakaa tu, ili siku mashine ikilemewa pawe na mlango mmoja ambao hauna foleni. Kasuku hakuligusa kwa sababu alidhani ni tupu.

Akaandika humo. Vidole vyake vilivyopakwa rangi kwa ajili ya harusi havikukosea hata herufi moja. Akaiteremsha ile kazi ya kurekodi, akauteremsha muziki. Akaiteremsha nzima ile programu iliyobeba simu ya Babu, halafu akaingia ndani yake, akautafuta ule uzi wa sauti peke yake, akaupandisha. Kishale kikachangamka. Lakini Babu kwenye kioo bado alikuwa mdomo wazi.

Shangazi akageuka. Aliwaona wageni wanajipepea. Akamwona mlangoni yule bibi harusi mwingine na gauni lake mkononi, binti mdogo, amekaribia kulia. Na mimi nikaona lile jambo linamjia usoni. Ninalijua kama ninavyoijua sura yangu, nikasema kimoyomoyo, usiseme, Shangazi, nakuomba usiseme.

"Sauti itarudi," akasema. "Lakini picha itachukua muda. Jamani, kwa nini tuwachoshe watu? Waanze hawa walio kwenye ngazi. Sisi tutangoja, sisi hatuna..."

Filimbi ikalia.

Ililia kutoka kwenye spika zote nne, filimbi ya uwanjani, ndani ya chumba cha sponji. Shangazi wa bwana harusi alikaa kwenye kiti ambacho hakikuwa chake. Kwenye ukuta Babu hakuwa amebadilika hata kidogo, mdomo wazi, jicho limefumba, na kutoka kwake ikaja sauti safi isiyo na mkwaruzo.

"Nani anangoja? Nimesikia! Nani amesema mtangoja?"

"Baba," Shangazi akasema, ameshika kifua. "Unanisikia?"

"Nakusikia vizuri sana, na sijapenda. Toka kwenye hiyo mashine. Rudi kwenye nafasi yako."

"Baba, kuna watu kwenye ngazi..."

"Watangoja zamu yao kama watu wengine! Zamu hii ni yako. Mimi ndiye baba yako, nakwambia leo humpishi mtu. Umenielewa? Nimeridhia. Nimeridhia, nimeridhia, bwana ofisa andika hapo. Sasa nenda."

Kutoka kwenye ngazi yule bwana harusi mwingine akapaza sauti, "Endeleeni, mama! Sisi tunakaa kwenye magodoro!"

Watu walicheka, lakini Shangazi hakucheka. Alikuwa bado amesimama, mkono mmoja kwenye mgongo wa kiti.

"Lakini picha bado, baba," akasema taratibu. "Hunioni."

Babu alipoongea tena, haikuwa sauti ya refa.

"Nimekuona tangu siku uliyozaliwa, mama. Nenda."

Mimi nililia, sifichi. Shangazi akakiachia kiti. Akapita katikati ya wageni, nao wakaanza kumpisha, na nilimwona anataka kusimama awapishe na wao, mguu ukasita, kisha ukaendelea. Akafika kwa mwokaji, akasimama mbele yake. Mwokaji alimtazama kama mtu aliyekuwa ameshatoa mguu mmoja nje ya mlango.

Ofisa akakohoa, akafungua kitabu tena. "Je, wewe, kwa hiari yako mwenyewe na bila kulazimishwa na mtu, unakubali..."

"Ndiyo," Shangazi akasema.

Ofisa akainua macho. "Bado sijamaliza swali."

"Samahani," Shangazi akasema. "Maliza tu. Lakini jibu ndilo hilo."

Chumba kizima kikalipuka. Mwokaji alicheka mpaka kishikizo cha suti kikakatika kikaruka, Kasuku akawa anapiga makofi mikono juu ya kichwa, na kwenye ngazi watu wasioona kitu wakashangilia pamoja nasi. Katika kelele hizo picha ikarudi. Babu alikuwa amejifunika uso na shuka, mabega yanatikisika, na mama yangu anamfuta machozi kwa ncha ya mto. Tuligeuka wote kumtazama, hata ofisa. Shangazi peke yake hakugeuka. Alikuwa ameufungua mkono wa mwokaji, anamvisha pete.